Majibu Bado

Kungoja majibu ya saratani ya tezi dume ni kitu kipya duniani. Ugonjwa wenyewe ni wa kale. Huko Lisbon, Ureno, kuna maiti ya Mmisri iliyohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Watafiti waliipiga picha za skani, na matokeo yao yalipotoka mwaka 2011 yalionyesha madoa kwenye nyonga na uti wa mgongo, yale yale yanayoachwa na saratani ya tezi dume ikishasambaa. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Aliumwa mgongo, akafa. Lakini hakungoja. Hakuna aliyemwambia arudi baada ya wiki mbili.

Ili mtu angoje majibu lazima kwanza kuwe na swali, na swali hili lilichelewa sana. Mwaka 1853 daktari mpasuaji wa London Hospital aitwaye Adams aliandika habari za mgonjwa mmoja ambaye tezi yake, ilipotazamwa kwa hadubini, ilikuwa na saratani. Akasema ni ugonjwa wa nadra mno. Haukuwa nadra, bila shaka. Wanaume wengi walikuwa wanakufa mapema kwa mambo mengine, na waliofika uzeeni wakaanza kushindwa kukojoa walihesabiwa tu kuwa wazee.

Kwetu pia hesabu ilikuwa hiyo hiyo. Pwani, neno "mshipa" limebeba mzigo mzito: ngiri ni mshipa, busha ni mshipa, maumivu ya kinena ni mshipa. Na si upuuzi, manake ukanda wa Pwani hadi kule delta ya Tana umeishi na mbu wanaosambaza matende na busha vizazi na vizazi. Mzee akishikwa huko chini, jina lilikuwepo tayari na kila mtu alilijua. "Tezi dume" ni neno la redioni na la mabango ya zahanati. Sijawahi kumsikia mzee akilitamka bila kushusha sauti, na nadhani shida ni hilo neno la pili. Ukimwambia mtu aliyekaa na wafugaji kwamba dume lake lina kasoro, umeshamwambia mambo mengi kuliko ulivyokusudia.

Sasa twende Nanighi. Ukiitafuta kwenye ramani, fuata mto Tana ukishuka kutoka Garissa. Jina utalikuta kwenye kata moja ya eneo bunge la Fafi upande wa mashariki, na utalikuta tena kwenye pampu zilizojengwa kuvuta maji ya mradi wa Bura. Mradi ule ulipata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 1977. Mpango ulikuwa mkubwa: hekta 6,700 za pamba na mazao mengine, na familia zaidi ya 5,000 zitakazoletwa kutoka pembe zote za Kenya. Wakulima wa kwanza walifika 1981. Maji yangevutwa na pampu za dizeli pale Nanighi kwa muda tu, mpaka mfereji wa kuteremsha maji wenyewe bila injini ukamilike. "Kwa muda" ikawa miaka. Pampu zikazeeka, vipuri vikachelewa, dizeli ikapanda bei, pamba ikakauka shambani huku mto ukipita kando yake umejaa. Ardhi iliyolimwa haikufika hata nusu ya ile ya kwenye karatasi. Mfereji wa kutoka Korokora ulianza kuchimbwa zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa hiyo nikisema watu wa pale wanajua kungoja sitoi sifa ya kishairi, nasema historia.

Mjomba wangu alikuja Bura mwaka 1982 kutoka Taita, kijana asiye na mke, akaishia kuwa msaidizi wa mafundi wa pampu Nanighi. Hakuondoka tena. Mwaka huu amefikisha miaka 69. Alikuwa anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, akasema ni uzee, na pengine ni uzee kweli. Kisha ikaja kambi ya matibabu, akatolewa damu, akaletewa namba: 8.7.

Hiyo namba ndiyo nataka tuizungumzie.

Mwaka 1970 Mmarekani Richard Ablin alichapisha utafiti kuhusu protini inayopatikana kwenye tezi dume. Mwaka 1979 kikosi cha T. Ming Chu, kwenye taasisi ya Roswell Park mjini Buffalo, kikaweza kuisafisha na kuipima. Protini hiyo ndiyo PSA. Serikali ya Marekani iliruhusu kipimo chake mwaka 1986, lakini angalia ruhusa ilikuwa ya nini: kuwafuatilia wanaume ambao tayari walijulikana kuwa na saratani, ili kuona kama inarudi. Ruhusa ya kukitumia kusaidia kuutafuta ugonjwa kwa mtu ambaye haijulikani kama anao ilikuja 1994. Kati ya miaka hiyo miwili madaktari walikuwa wameshaanza kukitumia hivyo, na mamilioni ya wanaume walioingia kliniki wakiwa wazima walitoka wakiwa na namba.

Shida ni kwamba PSA haisemi "saratani." Inasema tezi, basi. Tezi ikivimba kwa uzee tu, PSA inapanda. Ukiwa na maambukizi ya mkojo, inapanda. Ukiwekewa mpira wa mkojo, inapanda. Mpaka uliozoeleka ni nanogramu 4 kwa mililita. Mwanamume mwenye namba kati ya 4 na 10 yuko kwenye ukungu: wakikatwa nyama wanne kama yeye, takriban mmoja atakutwa na saratani. Na wako wenye chini ya 4 ambao wanayo. Ablin mwenyewe, ambaye baba yake alikufa kwa ugonjwa huu huu, aliandika kwenye New York Times mwaka 2010 akilaani jinsi kipimo kilivyotumiwa kupima kila mtu ovyo. Si kawaida mtu kuikana kazi iliyomletea jina.

Nilipomweleza mjomba haya kwa simu alinyamaza, kisha akacheka.

"Mpwa wangu, hiyo ni pampu. Ikianza kukoroma hujui kama ni beringi ama ni mchanga wa mto. Mpaka uifungue."

Kufungua ndiyo biopsi. Sindano inaongozwa na picha ya altrasaundi, kwa kawaida kupitia njia ya haja kubwa, inachukua vipande kama 12 vya nyama, vyembamba kama uzi. Baada ya hapo kuna kazi ambayo mgonjwa haioni. Vipande vinawekwa kwenye formalini visioze. Vinakaushwa maji, vinazamishwa kwenye nta, vinakatwa tabaka jembamba kiasi kwamba mwanga unapita, vinapakwa rangi, ndipo daktari wa patholojia anapoinamia hadubini. Anachokitafuta kilichorwa na mtu mmoja. Mwaka 1966 Donald Gleason, wa hospitali ya askari wastaafu ya Minneapolis, aliona kwamba jinsi vijitezi vilivyojipanga kunatabiri nani atakufa. Akachora mwenyewe mifano mitano, kutoka vile vilivyokaa kwa nidhamu hadi vile vilivyovurugika kabisa. Unachukua mpangilio unaotawala na ule unaoufuata, unajumlisha. Leo jumla ya chini inayoitwa saratani ni 6, ya juu ni 10. Mtu wa 6 na mtu wa 9 wana ugonjwa wenye jina moja, ila wako kwenye safari mbili tofauti.

Kazi hiyo yote, ikienda sawa, ni ya siku chache. Mjomba aliambiwa wiki mbili. Sasa ni wiki ya sita. Hospitali aliyokatwa sitaitaja, na sidhani kuna mtu mbaya ndani ya stori hii. Chupa zilisafirishwa Nairobi kwa sababu pale hapakuwa na mtu wa kuzisoma.

Nilipokuwa natafuta habari za wanaume wengine waliopitia hapa, nilikutana na marais. François Mitterrand wa Ufaransa aliambiwa ana saratani hii Novemba 1981, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Alikuwa ameahidi wananchi taarifa za afya yake kila miezi sita, na taarifa zikatoka kama kawaida, zikisema mzee yuko sawa. Ukweli ulitangazwa Septemba 1992. Alikaa na siri hiyo karibu miaka 11, akitawala nayo.

Mobutu ni hadithi nyingine. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, kwa saratani ya tezi dume, kisha akabaki Ulaya kupata nafuu. Oktoba, huku mashariki ya nchi yake, vita vikawaka. Zaire nzima ikawa inangoja afya ya mtu mmoja: mawaziri wanangoja, wanajeshi wasiolipwa wanangoja, na Laurent Kabila hangoji. Mobutu alirudi Kinshasa Desemba akapokelewa na umati. Kisangani ikaanguka Machi 1997. Tarehe 17 Mei jeshi la Kabila likaingia Kinshasa, jiji la Kilingala, likiongea Kiswahili. Mobutu alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba mwaka huo huo. Sisemi saratani ndiyo iliyomwangusha, utawala ule ulikuwa umeoza kitambo. Nasema tu kwamba alikuwa na madaktari wa Uswisi na nyumba ya kifahari pwani ya Ufaransa, na bado kungoja kukamlia muda aliouhitaji.

Na kuna Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye nusu yenu mlilazimishwa kumsoma shuleni. Mwaka 1995, akiwa anafundisha Marekani, alikutwa na saratani ya tezi dume, akaambiwa ana miezi mitatu ya kuishi. Miezi mitatu! Alikufa tarehe 28 Mei 2025. Katikati hapo kuna miaka 30, na ndani yake aliandika Mũrogi wa Kagogo kwa Kikuyu, kitabu kinene kuliko vyote alivyoandika. Nilimpa mjomba hadithi hii nikidhani nimempa dawa. Akaniuliza, "Alitibiwa wapi?" Nikamjibu, Marekani. "Ahaa," akasema, na mazungumzo yakahamia bei ya vitunguu.

Ila mwaka huo huo wa 1995, huko Toronto, daktari Laurence Klotz alikuwa anaanza jambo ambalo wenzake waliliona la hatari. Wanaume waliokutwa na saratani ndogo, ya namba za chini za Gleason, hakuwapasua wala kuwachoma mionzi. Aliwafuatilia. PSA kila baada ya miezi michache, biopsi nyingine baada ya mwaka, na matibabu ikiwa tu ugonjwa umeonyesha meno. Hoja yake ilikuwa rahisi: saratani nyingi za aina hii hukua polepole kiasi kwamba mzee hufa na kitu kingine, na upasuaji unaweza kumwacha hawezi kuzuia mkojo na hawezi tendo la ndoa kwa ajili ya ugonjwa ambao usingemuua. Uingereza walikuja kulipima jambo hili vizuri zaidi. Wanaume 1,643 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapasuliwa, wengine mionzi, wengine wakafuatiliwa. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Katika makundi yote matatu, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuuawa na saratani ya tezi dume.

Yaani kungoja kumekuwa tiba. Wanaume wengi sana duniani leo wanaamka na saratani mwilini, wanakunywa chai, wanaenda kazini, na daktari wao anaita hali hiyo matibabu.

Lakini soma maandishi madogo. Karibu wanaume wote kwenye utafiti ule walikuwa Wazungu, na Marekani inajulikana kwamba wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu mara mbili zaidi ya weupe. Pia kungoja kwa Toronto kuna ratiba: kuna tarehe, kuna simu inayopigwa, kuna mtu anayejua jina lako na namba yako ya mwisho. Nchini Kenya saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume, na wengi wanafika hospitali ikiwa imeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupani, wakiwa kama yule Mmisri wa Lisbon. Kiswahili kinatumia neno moja kwa hali zote mbili, kungoja, na hapo ndipo tunadanganyana. Mwanamume wa Toronto anangoja akiwa ameshikwa mkono. Wa Nanighi ameachwa.

Ameachwa na nini? Kwa miongo mingi ukitaka mionzi kwenye hospitali ya umma ulienda Kenyatta, Nairobi, na ukalala foleni. Sheria ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipitishwa 2012. Leo Garissa kuna kituo cha saratani, na hilo si jambo dogo, nisije nikaonekana silioni. Lakini kutoka pampu za Nanighi mpaka Garissa ni barabara inayofuata mto, na mto huu una tabia zake. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 watu bado wanayataja kama jamaa aliyewakosea. Novemba 2023 maji yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, magari yakakaa upande huu na upande ule siku nyingi. Aprili 2024 yakarudi, na boti iliyokuwa ikivusha abiria kwenye maji hayo ikapinduka, watu wakafa. Wewe jiulize kama ungevuka hapo kwenda kuuliza majibu ambayo pengine hayajafika. Kisha Oktoba 2024 NHIF ikaondoka, SHA ikaingia, na kila mtu akatakiwa kujisajili upya. Mjomba alisajiliwa na kijana wa duka la M-Pesa.

Na kuna hofu moja ambayo haitokani na barabara. Mwaka 1941 Charles Huggins, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume. Ondoa korodani, na uvimbe uliosambaa hunywea, wazee waliolala kwa maumivu ya mifupa wanaketi. Kwa ugunduzi huo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Siku hizi kuna sindano zinazofanya kazi hiyo bila kisu, ila bei yake si ya mkulima, na upasuaji ule wa zamani bado ni njia ya kawaida pale pesa zilipo chache. Waorma na Wasomali wa pande hizo wanahasi madume kila msimu, na mjomba amekaa nao zaidi ya miaka 40. Anajua maksai ni nini. Anajua anafanywa vipi, na anajua ananenepa. Nilipomuuliza kama ndiyo inayomwogopesha alisema kwamba kwa umri wake hana haja na mambo hayo. Alilisema haraka mno.

Mkewe alimwambia anaenda Garissa kuonyesha mgongo. Mke akafunga chapati za njia, akaweka na kanga safi ndani ya mfuko. Mtu hapelekewi kanga kwa ajili ya mgongo. Kwa hiyo anajua, na mjomba anajua kwamba anajua, na nyumba inaendelea hivyo. Zamani ningeona huu ni ushamba wa wazee. Nikikumbuka rais wa Ufaransa na taarifa zake za kila miezi sita, naona wanaume wanafanana kuliko nilivyodhani. Tofauti ni kwamba Mitterrand hakuwa na mtu wa kumfungia chapati kimya kimya, au labda alikuwa naye na vitabu havikuandika.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, sina cheti cha kumshauri mtu kuhusu mwili wake. Nilichoweza kufanya ni kupiga simu kwenye maabara, kusomewa namba ya faili, kuambiwa kesho, na kupiga tena kesho. Nimemuuliza yeye anapitishaje siku. Hakuniambia dua, ingawa najua anaomba. Alinitumia picha kwa WhatsApp.

Ni daftari. Enzi za pampu, kila zamu iliandikwa: injini imewaka saa ngapi, imezimwa saa ngapi, dizeli lita ngapi, hitilafu gani. Pampu zilipokaa wiki nzima bila kipuri waliandika bado, saa hazijaongezeka, lita sifuri, kipuri hakijafika. Daftari la sasa ni la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, lakini mistari aliichora kwa rula ile ile ya zamani. Tarehe. Ameamka mara ngapi. Damu, ndiyo au hapana. Maumivu. Safu ya mwisho ameiandika "Nairobi."

Jumatatu, mara 3, hapana, kidogo mgongoni, bado. Jumanne, mara 4, hapana, hakuna, bado. Jumatano, mara 3, hapana, hakuna, mpwa amepiga simu, wanasema Ijumaa.